Watatu Walioanza Pamoja

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani nitapewa mambo ya ajira, ambayo ndiyo kazi yangu serikalini. Lakini Mwenyekiti alikumbuka kuwa hapa shuleni nilipiga gitaa katika bendi, akataka nizungumzie muziki. Nimechagua habari za bendi moja ya Marekani, kwa sababu ndani yake muziki na ajira vinakutana.

Mwaka 1954, katika mji wa Memphis, walikuwapo vijana watatu. Scotty Moore, mpiga gitaa, alikuwa ametoka jeshi la majini na akisafisha kofia katika duka la dobi la ndugu yake. Bill Black, mpiga besi, alifanya kazi katika kiwanda cha matairi. Wa tatu alikuwa dereva wa lori wa miaka 19, aliyemaliza sekondari mwaka mmoja tu nyuma. Jina lake Elvis Presley.

Usiku wa Julai 5 waliingia katika studio ndogo ya Sam Phillips, mwenye kampuni ya santuri ya Sun. Walijaribu nyimbo za taratibu, hazikupendeza. Walipopumzika, Presley akaanza kwa mzaha wimbo wa Arthur Crudup, mwanamuziki Mweusi, uitwao "That's All Right". Black akaurukia kwa besi, Moore akafuata. Phillips akawaambia waanze upya ili arekodi. Ngoma hawakuwa nazo. Black alizivuta nyuzi za besi yake kubwa hadi zikagonga ubao, na mlio huo ndio ulioshika mapigo. Upande wa pili waliweka wimbo wa mashambani wa Bill Monroe, Mzungu, wakauharakisha. Santuri hiyo ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za muziki ulioitwa rokabili.

Mapatano yao yalikuwa rahisi: Presley nusu ya mapato, wenzake robo kila mmoja. Moore ndiye aliyekuwa meneja wa kwanza. Walisafiri katika gari moja, besi imefungwa juu ya paa. Mwaka 1955 akajiunga nao D.J. Fontana, mpiga ngoma, kwa mshahara.

Novemba 1955 kampuni ya RCA iliununua mkataba wa Presley kwa dola 35,000. Meneja sasa alikuwa Tom Parker. Moore na Black, waliokuwa washirika, wakawa waajiriwa: dola 200 kwa wiki yenye kazi, dola 100 kwa wiki isiyo na kazi. Mwaka 1956 Presley alipatana dola 50,000 kutokea mara tatu katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Wenzake walisimama nyuma yake kama zamani, lakini robo zao hazikuwapo tena.

Septemba 1957 Moore na Black waliandika barua za kujiuzulu. Fontana hakuandika, yeye aliahidiwa mshahara, na mshahara aliupata. Waliitwa tena kwa malipo ya siku, lakini haikuwa kama mwanzo. Black aliunda bendi yake, akafariki mwaka 1965 akiwa na miaka 39. Moore alipiga na Presley kwa mara ya mwisho katika kipindi cha televisheni cha mwaka 1968, akafariki mwaka 2016.

Ndugu zangu, sisemi kwamba robo ilipaswa kubaki robo milele. Watu walikuwa wakimiminika kumwona Presley. Mapatano hubadilika, lakini hubadilishwa na wale walioyafanya, wakiwa wamekaa pamoja. Presley aliwaachia mambo ya wenzake watu ambao hawakuanza nao.

Nayasema haya nikijua ninayemsema. Katika bendi yetu ya shule tulikuwa watatu pia. Nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano sikuwa na nauli. Mwenzangu wa gitaa la pili, ambaye hakuchaguliwa, alinipa fedha alizopata kwenye dansi yetu ya mwisho. Miaka mingi baadaye alikuja ofisini kwangu akiwa na shida ndogo. Nilimtuma mhudumu amwambie niko mkutanoni. Nilikuwa nakunywa chai.

Yumo ukumbini leo. Asubuhi nilimfuata nikamwomba radhi, naye akanipa ruhusa ya kulisimulia jambo hili bila kumtaja jina.

Vijana wa bendi ya sasa, kabla ya dansi yenu ijayo andikeni karatasi moja: nani anapata nini, na mambo yakibadilika mtakaa vipi kuzungumza. Urafiki hauharibiwi na karatasi. Katika majalada ninayoyasoma kila siku, umeharibiwa mara nyingi na kukosekana kwake.

Na sisi wakubwa, kabla ya kuondoka jioni hii, kila mmoja amtafute yule aliyeanza naye. Amfuate mwenyewe, asimtume mtu.