Kilomita ya Kwanza na Kilomita ya Mwisho

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Masomo: Marko 1:35-38 na Marko 6:30-32)

  Asubuhi hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu mnakisikia kikinguruma nje ya nyumba wakati huu huu, yaani pikipiki.

Katika nchi yetu ya Kenya, vijana wengi na baba wa nyumba wengi hupata riziki yao kwa pikipiki. Jina boda boda lilianza kule mpakani Busia, ambako watu walibebwa kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na leo limefika kila kijiji. Pikipiki humpeleka mama mjamzito zahanati, mtoto shuleni, na mhubiri kanisani. Ni chombo kidogo, lakini kina mafundisho kwa mwenye masikio.

Tukimwuliza fundi mzuri ni wakati gani injini inaumia, pengine tutatazamia aseme, "Inapopanda mlima na mzigo mzito." Lakini fundi atatuambia tuangalie pia dakika zile za kwanza za asubuhi, kabla injini haijapata joto. Hapo ndipo hulika sana, na mwenyewe hana habari.

Sababu yake ni hii. Pikipiki inapolala, oili yake, ambayo ni kama lita moja tu, huteremka na kutulia chini ya injini. Mahali penye baridi kama Limuru au Nyahururu, hasa mwezi wa Julai, oili hiyo huwa nzito. Asubuhi injini inapowashwa, pampu ndogo iliyo ndani yake lazima iinyonye oili na kuipandisha mpaka juu kwenye vali. Hata ikinguruma polepole, injini huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika moja, na katika kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka. Basi mtu akiivumisha kwa nguvu kabla oili haijafika, chuma hukwaruza chuma. Tena pistoni imetengenezwa kwa alumini, na silinda mara nyingi ina chuma ndani yake. Alumini hutanuka upesi kuliko chuma. Vitu hivi viwili vinahitaji muda kidogo wa kupata joto pamoja, ndipo vikae sawasawa.

Kwa hiyo dereva mwenye busara huwasha, husubiri nusu dakika au dakika nzima, kisha huondoa pikipiki polepole. Kama alivuta choki kwa ajili ya baridi, huirudisha mara injini inapokubali. Akiisahau, petroli nyingi huosha oili kwenye kuta za silinda, na plagi hujaa masizi.

Ndugu msikilizaji, madhara ya asubuhi moja hayaonekani. Hata ya wiki moja hayaonekani. Lakini siku moja moshi wa rangi ya samawati hutoka nyuma, na fundi husema kwamba injini inakula oili. Mwenyewe hushangaa na kuuliza, "Imeharibika lini?" Imeharibika asubuhi nyingi, kidogo kidogo.

Je, moyo wa mtu si vivyo hivyo? Wako wengi wetu wanaoruka kitandani na kuingia moja kwa moja katika mbio za siku. Simu inalia, deni linadai, watoto wanataka karo, na hakuna neno lililosemwa na Mungu. Siku hiyo yaweza kupita vizuri, nasi tukadhani hakuna kilichopungua. Katika Marko 1:35 tunasoma jinsi Bwana Yesu alivyoamka kabla ya mapambazuko, akaenda peke yake mahali pa faragha kuomba. Jana yake mji mzima ulikusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Kazi ilikuwa nyingi, na kwa hiyo aliomba kwanza. Kama Mwana wa Mungu alihitaji saa hiyo, sisi ni nani tuiruke?

Lakini liko jambo la pili. Wengine huiacha pikipiki ikinguruma robo saa nzima imesimama, wakidhani wanaihurumia. Fundi atawaambia kwamba wanapoteza petroli bure. Injini hupata joto lake vizuri ikienda, mradi iende kwa upole kilomita ile ya kwanza. Nasi tusidhani kwamba lazima tukae mpaka tujisikie tumewaka sana rohoni ndipo tuanze kutenda mema. Simoni alipomfuata Bwana na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, Bwana hakubaki pale alipokuwa akiomba. Aliondoka kwenda miji mingine kuhubiri. Sala fupi ya kweli, kisha hatua ya kwanza kwa upole: salamu njema kwa mke, neno la subira kwa mtoto asiyepata kiatu chake, adabu kwa abiria wa kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Sasa tuangalie jioni. Pikipiki iliyopanda mlima kutoka Mai Mahiu ikiwa na mzigo hufika juu injini ikiwa moto sana. Nyingi za pikipiki hizi ndogo hazina maji ya kupoza injini. Zina mapezi ya chuma kandokando ya silinda, na upepo ukipita hapo huchukua joto. Kwa hiyo kuisimamisha na kuiacha ikinguruma hakuipozi, kwa maana upepo haupiti. Kuimwagia maji baridi ni hatari zaidi, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafula huweza kupinda au kupasuka. Njia iliyo bora ni kupunguza mwendo mapema, kwenda kwa utulivu kilomita ile ya mwisho, upepo ukifanya kazi yake, kisha kuzima.

Na hata ikizimwa, bomba la moshi hubaki na moto kwa muda. Ni watoto wangapi katika vijiji vyetu walio na kovu kwenye mguu kwa sababu ya bomba hilo? Mtoto amesikia baba amefika. Amekimbia kumlaki kwa furaha, akaligusa bomba, akaungua. Aliyekuja kwa upendo ndiye aliyeumia.

Wapendwa, hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Mtu ameshindana na jua na vumbi kutwa nzima. Amegombana na abiria asiyelipa, amedaiwa na mwenye pikipiki. Anafika nyumbani akiwa bado na moto. Ni nani atakayeungua? Si yule abiria, wala si mdai. Ni mke aliyemwekea chakula, na mtoto aliyekimbia kumpokea. Na kovu la neno kali hukaa muda mrefu kuliko kovu la mguu. Mtume Paulo katika Waefeso 4:26 anatufundisha kwamba hasira haifai kulazwa nyumbani hata usiku mmoja.

Mitume waliporudi kutoka kazini, kama tunavyosoma katika Marko 6, walimweleza Bwana yote waliyotenda. Watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata nafasi ya kula haikuwepo. Naye aliwaita kando wapate kupumzika. Tuanze kupoa kabla ya kufika mlangoni. Katika kilomita ile ya mwisho tumweleze Bwana mambo ya siku, mazuri na mabaya, tukitaja hata jina la aliyetukosea. Roho wake, ambaye Bwana mwenyewe alimfananisha na upepo katika Yohana 3, ataondoa moto ule ambao sisi hatuwezi kuuondoa.

Basi leo jioni, wewe unayeendesha pikipiki, nawe unayefanya kazi shambani, sokoni au ofisini, punguza mwendo mapema. Mtoto wako anakuja mbio kukulaki. Asikute moto.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, asubuhi hii tupe kuanza nawe. Walinde wote walio barabarani leo. Na jioni tupoze mioyo yetu kabla hatujafika kwa tunaowapenda. Tunaomba hayo kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.