Kupima Joto la Chokaa



Leo tuzungumze juu ya chokaa. Hapa Tanga mawe yake tunayo. Mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanzishwa mwaka 1980, hutumia mawe ya namna hiyo.

Jiwe likichomwa katika tanuri kwa nyuzi kama 900, hewa ya kaboni hutoka. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 za chokaa. Mkiitia maji, inachemka bila moto! Si uchawi. Chokaa inaungana na maji, inakuwa kitu kipya, na katika kuungana huko hutoa joto.

Joto hilo hupimika kama mchele. Lavoisier na Laplace wa Ufaransa walipima joto kwa barafu iliyoyeyuka, katika baridi ya mwaka 1782 na 1783. Sisi tutumie maji. Joto la kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 huitwa kilokalori 1.

Chukueni ndoo ya plastiki, itieni lita 10 za maji, iwekeni ndani ya kapu lililojaa makumbi ili joto lisipotee. Ombeni kipimajoto shule ya sekondari. Kile cha zahanati huishia nyuzi 42, kitapasuka. Tuseme maji yana nyuzi 28. Tieni kilo 1 ya chokaa ambayo haijazimwa, kidogo kidogo, huku mnakoroga kwa mti. Chokaa ndiyo iingie majini. Maji yakimwagwa juu ya chokaa huruka, na yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Watoto wakae mbali. Ikimrukia mtu, aoshe jicho kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha akimbizwe hospitali.

Chokaa nzuri itafikisha maji karibu nyuzi 55. Zimepanda 27, zidisha kwa lita 10, ni kilokalori 270.

Yakiishia 40 je? Zimepanda 12, yaani kilokalori 120, hata nusu haifiki. Lakini msimgombeze muuzaji upesi. Chokaa iliyoungua kupita kiasi huchelewa kuwaka, basi ngojeni, mtazame tena. Isipopanda, ama jiwe halikuiva, ama gunia lilikaa wazi likanywa unyevu wa pwani. Kwa bei ya chokaa nzima, hiyo msiinunue.