KUFUNZWA KAZI NA KUSHIKWA MKONO
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa chama, Misikhu)



Nimeombwa kusema juu ya wenzetu wenye ulemavu na mafunzo ya kazi. Sitasema habari za huruma. Hawaombi huruma, wanaomba kazi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1964 Serikali iliweka kamati chini ya Bw. Ngala Mwendwa kuchunguza hali yao, na mwaka 1968 ikatoa mpango wake. Mwaka 1971 kikaanza kituo cha mafunzo Nairobi, kisha vikafuata vingine mikoani. Karibu nasi kiko kimoja Kakamega na kingine Odiado, upande wa Busia. Basi mahali pa kujifunza papo. Taabu huanza mtu akiisha kupata cheti.

Hapa Misikhu yuko kijana asiyesikia, mtoto wa jirani yangu. Alijifunza kuchomelea vyuma, akaandikwa kazi mahali fulani. Wiki haikuisha, akafukuzwa. Kosa lake ni nini? Nyapara alimwita mara tatu, naye hakugeuka. Kumbe angemgusa bega tu! Kijana alikaa nyumbani mwaka mzima, miwani yake ya kazi imetundikwa ukutani.

Halafu fundi mmoja mzee wa sokoni akamwita. Mzee yule hakujua lugha ya ishara. Alishika chaki akaandika vipimo juu ya chuma, akamwonyesha kwa mkono, akamsahihisha bila kuchoka. Wakafanya hivyo miezi sita. Leo kijana anatengeneza milango na madirisha, na mzee humwachia ufunguo wa karakana.

Ndugu zangu, sisi watu wa reli tusiseme haiwezekani. Gadi hampigii dereva kelele. Humwonyesha bendera mchana na taa usiku, na mzigo wote ukaenda au ukasimama kwa ishara hiyo. Sisemi tumweke asiyesikia kati ya njia, mahali pa kusikiliza honi. Nasema karakana, stoo na ofisi zina nafasi.

Sheria nayo iko. Ile ya mwaka 2003 ilisema watu wenye ulemavu waweza kuandikwa kuwa wanagenzi. Sheria mpya ya mwaka 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi aweke kando nafasi 5 katika kila 100 kwa ajili yao. Lakini sheria haishiki chaki. Sheria humfikisha mtu mlangoni. Ndani anahitaji fundi wa kumwongoza.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, viongozi wetu wakikaa na mwajiri, waulize nafasi hizo ziko wapi. Pili, kila karakana imtoe mwanachama mmoja mwenye ujuzi, awe mlezi wa mwanagenzi mmoja kwa miezi sita ya kwanza.

Wengine watasema hii si kazi ya chama. Nawajibu, hujafa hujaumbika. Sisi tunashinda kati ya magurudumu na vyuma vizito. Mkono unaoinuliwa leo kupiga kura waweza kupotea kesho, na siku hiyo utamtafuta mtu wa kukufunza upya.

Mimi nimekwisha kuandika jina langu kwa Katibu. Karatasi iko mezani.