Mchezo ni kazi, ilipwe



Wazazi wanatuambia tusome sheria ao udaktari, mambo ya mchezo ni ya watoto. Siye tunakataa. Muangalie kule kwenye maporomoko ya Wagenia. Wazee walisimamisha miti ndani ya mto Kongo, wakafunga vitunga vikubwa vya kutega samaki. Leo mgeni anakuja kuangalia tu, na analipa. Nani anamuvusha kwa pirogi? Nani anamuelezea? Kijana, bila karatasi yoyote mkononi.

Faustin Linyekula naye alianzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001, kisha akaileta hapa Kisangani. Pale haiko mucheza dansi peke yake: kunatakiwa fundi wa taa, fundi wa sauti, mutu wa tiketi.

Lakini refa wa kartie anatukanwa dakika 90, analipwa soda moja. Tena ya moto!

Kwa hiyo tunadai bei ya kutembeza wageni iandikwe pale mtoni, kila mutu aione, na kila malipo yapate risiti. Na siye wenyewe, mashindano ya likizo yasianze mbele ya kuandika nani atalipwa na ngapi. Daftari iko hapa mbele, mukuje mujiandikishe.