Tuhaniane Kwanza



Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari tulipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 ya kura zikakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kabla ya hapo tulifikishana pabaya. Mtu akipita duka la jirani akaenda kununua chumvi mbali, kwa sababu ya chama tu. Wengine walisusiana hata maziko.

Wenzetu wa Ireland ya Kaskazini walitutangulia. Baada ya miaka 30 ya mapigano na maiti wapatao 3,500, mwaka 1998 walifikia Mapatano ya Ijumaa Kuu. Sinn Féin, wanaotaka kisiwa chao kiwe nchi moja, wakaingia serikali moja na wanaotaka kubaki na Uingereza. Hakuna aliyelazimishwa kuacha imani yake.

Hata hivyo, serikali yao ilivunjika 2017, ikarudi 2020, kisha ikakwama tena. Na ya kwetu? Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, nayo ikavunjika, isirudi mpaka Disemba 2020.

Basi tujue kwamba saini za wakubwa peke yake hazitoshi. Juni 1961, Januari 1964, Januari 2001: kila nyumba ina mwaka wake wa msiba. Tukimkataza mwenzetu kuwalilia wa kwake, tusitegemee atakuja kutuhani sisi.

Jirani akifiwa, nenda. Usiulize chama.

Mpaka wiki ijayo, inshaallah.