Mazungumzo Kuhusu Dira za Maji za Sumaku na Upimaji wa Kihami



Maji ni mali ya umma, na mali isiyopimwa haihesabiki. Katika Mkoa wa Lindi, mji wa Nachingwea hupata maji kutoka chanzo cha Mbwinji, ambacho huhudumia pia mji wa Masasi. Huduma ya maji katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea husimamiwa na RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2019. Kwa mabomba makubwa ya miradi ya namna hiyo, dira ya sumaku ni miongoni mwa vyombo vinavyofaa zaidi.

Dira hii haina gurudumu lizungukalo. Hufuata kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: maji yakipita katika uwanja wa sumaku huzaa umeme kwa kadiri ya kasi yake. Koili zilizomo ndani ya ganda hutoa sumaku hiyo, na elektrodi mbili zinazogusa maji huupokea umeme, ambao ni mdogo mno, sehemu ndogo ya volti moja. Kwa sababu hiyo, unyevu kidogo tu ukiingia kwenye kisanduku cha nyaya hutosha kuharibu hesabu.

Dalili zake zinajulikana. Tarakimu huruka ilhali maji ni matulivu, au dira husoma mtiririko wakati vali imefungwa. Hapo fundi asiharakishe kuagiza dira mpya, kwani ni ya gharama kubwa. Huenda kasoro ikawa ni waya ulioloa. Afuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, azime umeme na kutenganisha nyaya zote na kisoma-dira. Kipimo cha kihami, ambacho mafundi hukiita mega, mara nyingi hutoa volti 500 au zaidi, na nguvu hiyo yaweza kuunguza vifaa vya elektroniki mara moja.

Pili, apime ukinzani wa koili yenyewe kwa mita ya kawaida na kuulinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Usiposomeka kabisa, waya umekatika.

Tatu, apime kwa mega baina ya koili na ganda. Kihami kizima husoma makumi ya megaomu au zaidi, kwa kadiri ya maagizo ya mtengenezaji. Kikishuka chini ya hapo, akaushe kisanduku na kupima tena. Kisha apime kebo peke yake na dira peke yake, ili ijulikane mkosaji ni nani. Baada ya kila kipimo aondoe umeme uliobaki katika nyaya.

Nne, elektrodi zisiguswe kwa mega. Aidha, bomba likiwa na maji, ukinzani baina ya elektrodi na ardhi huwa mdogo kwa asili, maana maji hupitisha umeme. Hiyo si kasoro. Linalotiliwa shaka ni elektrodi moja kutofautiana sana na mwenzake, kwani huenda imefunikwa na utando. Anayetaka kupima kihami cha elektrodi sharti kwanza atoe maji na kukausha bomba.

Ruangwa hupata mvua za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na mashimo ya dira yaweza kujaa maji. Vipimo vifanywe kabla ya msimu huo, na tarakimu ziandikwe daftarini pamoja na tarehe, kwa kuwa kihami kinachopungua mwaka hadi mwaka hutoa onyo mapema. Unguja na Pemba nazo zina hewa ya chumvi, ambayo hushika unyevu na kula vituo vya nyaya. Basi somo hili lina uzito uleule.

Wananchi nao wanaombwa wasitupe taka katika mashimo ya dira, wala wasifungue vifuniko vyake. Dira ikidanganya, ama mwananchi hutozwa asichotumia, ama mradi hukosa fedha za kuendesha pampu, na mwisho wake ni bomba kavu.