Nani atasema kwa ajili yetu siku tutakosa sauti?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, komini ya Kikula, Likasi



Leo hatusemi juu ya barabara wala umeme. Tunasema juu ya kitanda cha hospitali.

Mwenzetu mumoja, mwenye kuchimba mawe, aliangukiwa na udongo. Munganga akasema: tumupasue leo. Yeye hakuweza kusema. Bibi yake alikuwa pale, miaka tano banaishi pamoja, batoto babili. Jamaa ikamuambia: «Mali haikutolewa yote, weye nyamaza.» Bakangojea baba mukubwa kutoka Kolwezi. Alifika kesho yake, bakakata mguu. Hatulaumu munganga, hatulaumu muzee. Kilichokosekana ni kimoja: hakuna mutu mwenye alichaguliwa mbele.

Prokurasio tunaijua. Muzee akichoka, anamupa mutoto wake karatasi aende kumupokelea feza. Mwenye kusafiri anaacha prokurasio juu ya lupango. Tangu Dekreti ya tarehe 30/07/1888 juu ya mapatano, sheria ya kwetu inajua mutu mwenye kutumwa na mwingine. Basi lupango tunaichagulia mutu, mwili wetu hapana?

Wengine banasema: bwana tu ndiye anasaini. Sheria ya jamaa ya 1987 ilimuomba bibi ruhusa ya bwana, lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15/07/2016 iliondoa ile ruhusa.

Tunaomba mambo ine.

Moja: chagua mutu mwenye unamuamini, na mwingine kama yule hayuko.

Mbili: muambie unataka nini na hautaki nini. Yeye atabeba neno lako, si lake. Na ukiwa na sauti bado, weye ndiye unasema.

Tatu: andika, tia tarehe, saini mbele ya bashahidi babili, na jamaa yote isikie. Karatasi haitamaliza kila mabishano, lakini munganga atajua ulitaka nini.

Ine: mwenye kuoa kimila, andikisha ndoa ku komini. Sheria inaomba mufanye vile ndani ya mwezi 1.

Sisi tulisoma, kazi hatuna, lakini kalamu tuko nayo. Mwenye hajui kuandika, aje. Tutamuandikia bure.

Tuseme leo, tungali na sauti.